Mwaka wa Benzi na Foksi

Juzi nilikwenda Samuye kumzika Mzee Sitta, na kabla hata jeneza halijatolewa ndani nilikuwa nimeshaudhika. Mlangoni walikuwa wamebandika picha yake ya enzi za kazi, ameegemea boneti ya Benzi, kofia imelala upande, na vijana wawili waliokaa kwenye benchi mbele yangu wakaifanya picha ile chanzo cha ubishi. Mmoja alisema Benzi ya zamani haina mpinzani. Mwenzake akasema hapana, Foksi, ile ya mgongo wa duara, ndiyo gari pekee la Kijerumani lililoziweza barabara zetu. Wakatoa simu, wakaanza kusomeana nguvu za injini na mwendo wa juu kabisa, mambo yaliyoandikwa na watu ambao hawajawahi kuliona tope la Kishapu. Nilikohoa. Nikakohoa tena. Mmoja akageuka, akaniambia kwa adabu nzuri, "Shikamoo bibi, tukuletee maji?" Nikasema marahaba, sitaki maji. Nilichotaka ni kuulizwa. Nimeziendesha zote mbili katika mwezi mmoja, barabara zilezile, daftari likiwa kitini pembeni yangu, na kwa sababu ya daftari lile mtu aliyelala ndani ya jeneza alipoteza kazi yake. Lakini mwanamke wa miaka sabini na ushee, kajifunga kanga mbili, nani atamwuliza habari za magari? Hata wakati ule, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, waliniuliza kwa shingo upande.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ununuzi wa pamba, Shinyanga mjini, miaka ya sabini ilipokuwa katikati. Chumba changu kilitosha meza, kiti na mimi. Kati yangu na Meneja palikuwa na ukuta wa mbao laini wenye kidirisha cha kupitishia mafaili, na kidirisha kile hakikufunga sawasawa, kwa hiyo mambo ya ofisi niliyajua kabla ya wenyewe. Nyuzi za pamba ziliruka kutoka kinu cha kuchambulia zikatua kwenye mashine yangu, kwenye chai, kwenye nyusi. Mchana, sisi wafanyakazi wadogo tulikula barazani mwa stoo, sinia moja: ugali wa mtama, mlenda, na furu wa kukaanga waliokuwa na miiba kuliko nyama. Hapo ndipo Mzee Sitta alipogundua kwamba nauliza maswali ya magari kuliko ilivyotarajiwa kwa binti wa watu. Yeye alikuwa dereva wa Meneja, Msukuma wa hapahapa Samuye, umri wa arobaini hivi, mtu wa maneno machache na kucha safi. Wengine walinicheka. Yeye alisema tu, "Ukimaliza kula, njoo." Kwa miezi minne, kila baada ya chakula, alinifundisha udereva kwenye uwanja wa kinu, kwa Foksi ya mkaguzi wa pamba, gari ambalo hakuna mwanamume pale ofisini aliyelitamani kwa sababu walisema ni gari la walimu na mapadri. Nilipopata leseni, mkaguzi, ambaye aliuogopa usukani kuliko nyoka, akaomba niwe ninamwendesha. Nikawa mpiga chapa asubuhi na dereva mchana. Sijawahi kufurahi vile, na nasema wazi, hata siku ya harusi yangu sikufurahi vile.

Sasa niwaeleze yale ambayo vijana wale hawakuniuliza. Benzi yetu ilikuwa ya dizeli, nyeusi, yenye mapezi mawili nyuma na mkono wa gia kwenye usukani. Kuiwasha kulitaka subira: unavuta kitufe, unasubiri kiwaya kidogo kwenye dashibodi kiwe chekundu, ndipo unavuta tena na injini inaguna kama mtu aliyeamshwa mapema. Ilikuwa nzito. Kuanza mwendo ilijivuta, mlima iliupanda taratibu, lakini ikishakolea kwenye changarawe, ile mikunjo ya barabara inayong'oa meno iliipita juu juu, wewe ndani umekaa kama sebuleni. Foksi ilikuwa kinyume chake. Injini iko nyuma, haina rejeta, haidai maji, inavuma kama cherehani, na usukani wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba upepo wa kando wa Ibadakuli uliweza kukuhamisha upande wa barabara bila kukuomba ruhusa. Kwenye kona ya changarawe ukiachia mafuta ghafla, mkia ulitaka kutangulia. Mzee Sitta alinifundisha kuingia kona polepole na kutoka na mafuta. "Hili gari," alisema, "ukiogopa katikati, linakugeukia. Ogopa kabla." Lakini tope likija, Foksi ilikuwa na uzito wake palepale juu ya magurudumu yanayosukuma, tumbo lake lilikuwa bapa, na ilipita mahali ambapo matrekta yalifikiria mara mbili. Benzi kwenye tope ilihitaji ujanja. Mzee Sitta, kila mvua zikianza, aliweka magunia mawili ya mbegu za pamba ndani ya buti ili magurudumu ya nyuma yapate kung'ata, na hayo magunia kwa kawaida hayakushuka mpaka kiangazi.

Ilikuwa mwishoni mwa mvua za vuli nilipomsikia Meneja kupitia kidirisha. Mafuta yalikuwa yamepanda, wakubwa wameagiza kila ofisi ibaki na gari dogo moja. Meneja aliipenda Benzi kwa sababu ilikuwa Benzi, mwenyekiti wa kamati aliitaka Foksi kwa sababu ilikula kidogo, na walikuwa wamebishana hadi chai ikapoa. "Basi yapimwe," Meneja akasema. "Yaende Geita na kurudi, kisha Kishapu kwenye tope. Tuone mwendo, mafuta na kukwama. Gari litakaloshinda linabaki na dereva wake. Gari moja, dereva mmoja." Mwenyekiti akauliza, "Na yule binti akishindwa anarudi kwenye mashine yake?" Meneja akasema, "Mashine nimeshampa mtu. Kuna ndugu wa mke wangu amemaliza chuo." Nilikuwa nimeingiza karatasi mpya kwenye mashine. Nilikaa naitazama, nyeupe, mpaka nikasikia kengele ya chakula. Nilivyoelewa mimi ni kwamba Foksi ikishinda, Mzee Sitta anakwenda nyumbani; Benzi ikishinda, nakwenda mimi, na hakuna ofisi nyingine kuanzia Tabora hadi Mwanza ambayo ingempa mwanamke usukani. Nilimwambia Mzee Sitta kila kitu nilichosikia, tukiwa barazani mwa stoo. Alitoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni ya sinia. "Wabeja kwa kuniambia," alisema. "Basi twende tukasikie magari yanasemaje." Akaendelea kula. Mimi ugali ulinishinda kwa hasira, yeye anakula mlenda.

Kuandika daftari nikapewa mimi, kwa kuwa najua chapa. Hilo nalo liliniudhi, maana mshindani ndiye aliyepewa kalamu, na hakuna aliyeona ubaya wake isipokuwa mimi mwenyewe. Nikaapa kuwa mwenye haki mpaka watu wachoke. Tulikwenda Geita kila mtu na gari lake, tukapita Usagara, tukavuka kwa pantoni hadi Busisi, tukashika barabara ya Sengerema. Benzi ilinipotea machoni kabla ya saa nzima kwisha. Niliikuta kwenye pantoni imepaki, Mzee Sitta amekaa kivulini anamenya muwa, shati lake halina hata vumbi, na mimi nashuka nikiwa mwekundu kuanzia kope hadi viatu, mikono inawaka kwa kuushikilia usukani usicheze. Niliandika saa yake, nikaandika saa yangu. Geita tulilala nyumba ya wageni Kalangalala, chumba changu kikiwa na kitanda cha kamba na ukuta wa ubao. Jioni, kabla ya kula, niliwasikia wanaume wawili chumba cha pili, watu wa kuchakura mabaki ya mgodi wa zamani, wakiyajadili magari yetu yaliyokuwa uani. "Benzi ni ya mtu aliyepata," mmoja alisema. "Foksi ni ya mtu anayetafuta." Mwenzake akacheka: "Sasa nani kapata hapa? Dereva ni mzee wa watu tu." Wakaendelea na habari za mashimo na nani kakuta mwamba wa maana. Tukaletewa sato na wali, Mzee Sitta akanipa kichwa cha samaki, sehemu ambayo mwenye nyumba alikuwa amemtengea yeye.

Kurudi tulibadilishana, kama Meneja alivyoagiza. Hapa ndipo uchungu wangu ulipoanza hasa. Niliingia ndani ya Benzi nikiwa nimejiandaa kuichukia. Mara ya kwanza kuigusa gia ile ya kwenye usukani niliikwaruza, Mzee Sitta, aliyekuwa bado amesimama dirishani, akafumba macho. Lakini baada ya Sengerema nilielewa. Gari lilishika njia. Shimo ambalo kwenye Foksi ungelisikia hadi kwenye uti wa mgongo, hapa lilisikika mbali, kama jambo la jirani. Breki zilishika bila kuyumba, kwenye kona ndefu liliinama kwa heshima likarudi. Nilikuwa naendesha gari bora kuliko langu na nililijua hilo kwa mwili mzima, na kila kilomita ya raha ile ilikuwa inanifukuza kazi. Nililia kidogo, nikafuta, nikaandika. Nimelitunza daftari lile. Mwandiko wa ukurasa huo ni mbaya lakini maneno yanasomeka: "Benzi katika barabara kavu inashinda kwa kila kitu isipokuwa mafuta." Kama ningekuwa mwongo ningeanzia pale, na leo ningekuwa na uongo wa kawaida wa kujitetea nao.

Safari ya Kishapu ilifanyika baada ya mvua ya siku tatu. Meneja alitaka tuendelee vilevile tulivyobadilishana, kwa hiyo mimi nilibaki na Benzi, Mzee Sitta na Foksi. Asubuhi ile, yeye akiwa ofisini kuchukua kibali cha mafuta, nilifungua buti ya Benzi nikayaona magunia mawili ya mbegu. Nikafikiri: Foksi haina mzigo, Benzi ina mzigo, kipimo cha mafuta hakitakuwa cha haki. Nikawaita wapagazi wakayashusha. Naomba msomaji anielewe, sikuwa na hila. Nilikuwa na ule ubishi wa kijana anayefikiri haki ni kulinganisha uzito. Mzee Sitta alipotoka hakufungua buti, kwa nini aifungue? Akaniambia tu, "Kwenye mbuga usisimame. Hata ukiona shetani, msalimie ukipita." Akatangulia.

Udongo wa mbuga, kwa asiyeujua, ukikauka ni matofali, ukilowa ni gundi nyeusi. Foksi niliiona mbele ikipita bonde la kwanza, mkia ukichezacheza, injini ikivuma, ikapanda upande wa pili ikatoweka nyuma ya minyaa. Nikaingia mimi. Katikati ya bonde nilihisi magurudumu ya nyuma yakizunguka bila kushika. Nikafanya lile nililokatazwa: nikakanyaga klachi, nikatafuta gia ya kwanza, na katika kuitafuta nikasimama. Benzi ikatulia, ikaanza kuzama kama mtu anayekaa kitini. Nilishuka, tope likaniishia magotini. Hapakuwa na nyumba karibu, mifugo tu kwa mbali na mashamba ya pamba changa. Niliita "Jamani!" mara kadhaa, upepo ukaichukua sauti. Ndipo nikakumbuka wanawake wa soko la Kishapu, siku mwizi alipokimbia na mbuzi: walivyopaza sauti nyembamba, ndefu, wakijipigapiga mdomoni, na dunia nzima ikaja. Mimi ni mtoto wa mjini, nyumbani kwetu tulisema Kiswahili na Kisukuma changu kilikuwa cha sokoni. Nilidhani ile ndiyo namna ya huku ya kuomba msaada. Nikajaza kifua, nikapiga yowe, nikajipiga mdomo, tena na tena.

Likajibiwa. Kutoka kilimani mtu mwingine alilipokea, na mwingine mbali zaidi, likasambaa kama moto wa nyasi, na mimi, mjinga, nikafurahi. Kisha wakaanza kutokea. Wanaume kwa makumi, mikuki, pinde, mishale, marungu, wengine kifua wazi na tope la shamba mikononi, wanawake nyuma yao na majembe, wote wanakimbia. Waliizunguka Benzi. Walitazama nyuma yake, chini yake, ndani yake. "Ng'ombe wangapi?" mmoja akaniuliza akihema. "Wamekwenda upande gani?" Nikasema, "Hakuna ng'ombe. Gari limekwama." Lile nililopiga linaitwa mwano. Hupigwa ng'ombe wakiibwa, simba akiingia zizini, nyumba ikiungua na watu ndani. Ukiusikia unaacha kila kitu. Asiyekuja anatozwa faini, na anayeupiga bure anatozwa zaidi, kwa sababu siku ya pili watu watasita. Mzee mmoja aliyekuwa na mkuki mrefu kuliko yeye aliukita kwenye tope. "Gali!" alisema. "Mwano kwa ajili ya gali! Nimeacha ng'ombe majini, saa hizi wako kwenye mtama wa jilani, bebe, wewe, unaniambia gali?" Vijana walianza kusogea. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

Ndipo Foksi ikatokea juu ya kilima, inashuka kasi kuliko nilivyowahi kuiona. Mzee Sitta alikuwa ameusikia mwano, na Msukuma akisikia mwano anageuka. Baadaye aliniambia alidhani nimekufa. Alishuka bila viatu, akanitazama juu hadi chini, akaona nina viungo vyote, na uso wake ukabadilika. Yule mzee wa mkuki akauliza kwa Kisukuma nani amepiga, na nani huyu msichana. Nilifungua mdomo. Mzee Sitta akanikatiza bila kunitazama. "Ni mimi," akasema. "Huyu si mtu wa huku, hajui. Nilimwagiza mimi kwamba akikwama apige mwano." Wakamzomea. Msukuma, mtu wa Samuye, mwenye nywele za mvi mbili tatu, ndiye wa kuagiza mwano kwa ajili ya bati la Wazungu? Kiongozi wa vijana akatamka: fahali mmoja, achinjwe hapohapo, aliwe na wote waliokimbia, na gari lisiguswe mpaka fahali afike. Mzee Sitta akakubali kwa kuinamisha kichwa. Akaenda kwa miguu kwa wakwe zake, huko ng'ambo ya mto, akarudi siku ya pili na fahali mwekundu. Mimi siku zote hizo nililala kwa mke wa yule mzee wa mkuki, akinilisha michembe ya viazi vilivyokaushwa na maziwa ya mgando na kunitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa akili. Nyama ilipoiva nami nilipewa. Kisha vijana wakafunga kamba, wakaimba, wakaivuta Benzi kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuvaa viatu.

Njiani kurudi tulisimama kuosha tope. Nilimwambia habari ya magunia ya mbegu pia, nikitaka anigombeze angalau. Alifungua buti, akaiangalia ilivyo tupu, akaifunga taratibu. Nikamwambia nitasema yote ofisini. Akajibu, "Mimi neno nimeshalisema mbele ya wazee wale. Siwezi kulirudisha." Hakuongeza lolote, hakusema sema wala hakusema nyamaza. Hilo limenikera maisha yangu yote. Angesema nyamaza, ningempa yeye lawama. Angesema sema, nadhani ningesema.

Barua ya malalamiko kutoka kijijini ilifika wilayani, ikafika kwa Meneja. Tukaitwa wote wawili. Meneja akaisoma kwa sauti, akifurahia kila mstari, maana hakuwa mtu wa huku na aliona ni kichekesho. "Nani alitoa amri hii ya ajabu?" akauliza. Mzee Sitta akasema, "Ni mimi, mkuu." Meneja akanigeukia. "Ndivyo?" Nilitazama kile kidirisha cha mafaili. Kwa upande wa pili nilisikia mashine yangu ya chapa ikigongwa polepole, kidole kimoja kimoja, na yule ndugu wa mke wake aliyekuwa ameshaanza mazoezi. Nikasema, "Ndiyo, mkuu." Maneno mawili. Ripoti nikaiandika usiku uleule: mwendo, mafuta, kona, breki, yote kwa haki. Chini yake nikaandika kwamba Benzi ilikwama Kishapu siku mbili na Foksi haikukwama. Kila neno lilikuwa kweli. Magunia sikuyaandika. Kamati ikachagua Foksi, Benzi ikauzwa, na Mzee Sitta akarudisha funguo na kofia, akaniaga kwa mkono kama tunavyoagana siku zote. "Kona," akaniambia, "usiogope katikati."

Niliendesha Foksi ile mwaka mzima na miaka mingine baada yake, na toka hapo magari mengi. Watu walinipongeza: dereva mwanamke wa kwanza pale, waliniita mfano. Kila mtu akinisifu nilikuwa nasikia kero, kama nguo yenye lebo inayokwaruza shingoni. Mara mbili nilikwenda Samuye nikiwa nimeazimia kusema mbele ya watu wake. Mara zote mbili alinipokea vizuri mno, akaniuliza habari za plagi na springi, mkewe Mama Minza akaniletea kuku, na nikaondoka sijasema. Hapo naomba nisitafutiwe udhuru. Nilikuwa na nafasi, na nilikuwa na mdomo.

Juzi, baada ya kuzika, tulirudi chini ya turubai, na msemaji wa ukoo akasimama kutoa wasifu. Alitaja kilimo chake, wajukuu, uaminifu wake. Kisha akatabasamu. "Na nani hapa hajui kisa cha mwano wa gari?" Turubai lote likapasuka kwa kicheko, kicheko cha upendo, watoto nao wakicheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Akakisimulia chote. Nikagundua kwamba kwa karibu miaka hamsini mtu huyu aliishi kijijini kwake akiwa yule aliyeita nchi nzima kwa ajili ya gari lililokwama. Harusini walikisimulia. Kwenye vilabu walikisimulia. Alipopita na ng'ombe wake, vijana walijipigapiga midomo. Mimi sikuwa nimelijua hilo. Nilifikiri alipoteza kazi tu.

Nikasimama. Nikasema: "Si yeye. Yowe nilipiga mimi, kwa ujinga wangu, hakuniagiza mtu. Na gari lilikwama kwa sababu mimi ndiye niliyeshusha mzigo. Alinikingia, nami nikanyamaza nikachukua kazi yake." Nikaona nimesema, hatimaye nimesema. Watu wakanitazama kwa macho ya huruma. Mtu mmoja nyuma akasema, "Nhana, kweli huyu mama ana roho nzuri," na wengine wakaitikia, na msemaji akanishukuru kwa kumheshimu marehemu hivyo, akaendelea na habari za wajukuu. Nilibaki nimesimama. Nilitaka kupiga kelele. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi, "Nasema ni mimi!" Mama Minza, ambaye sasa haoni vizuri, akanyoosha mkono akanishika kanga.

"Kaa, Zena," akaniambia. "Mzee alituambia. Alisema, Zena akija kunizika atasimama aseme ni yeye. Msimkubalie, alisema, yule binti anapenda kujitwisha makosa. Basi kaa, ule."